Marashi ya Walio Hai

Neno lililomchoma Lamjiak mwaka ule halikutoka kwa adui. Lilitoka kwa mkaza mwanawe, Ketsarin, tena kwa sauti ya chini, akidhani mama mkwe hasikii. "Mama ananuka mnyama," alimwambia mumewe. Lamjiak alikuwa jikoni anachanja papai bichi, na masikio yake, kwa taarifa ya yeyote anayetaka kujua, hayana ugonjwa wowote.

Mwingine angelia. Lamjiak alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kupita. Maana huyo mnyama anayesemwa ndiye aliyemlisha mume wa Ketsarin, akamvisha, akamsomesha mpaka akapata hiyo kazi yake ya kuuza viyoyozi Bangkok. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vizimba vya mbao, na katika kila kizimba fungo mmoja, mnyama wa usiku wa ukubwa wa paka, na mti mmoja uliosimamishwa wima. Fungo hujisugua kwenye ule mti na kuuachia zabadi yake, mafuta mazito ya tezi zake, nawe unakuja asubuhi na kisu butu unaikwangua. Zabadi mbichi hainukii, inanuka. Mgeni akiisikia hukumbuka ghafla kwamba ana safari. Lakini ukiipaka kwenye jani la tambuu pamoja na ganda la ndimu, ukaipitisha juu ya mshumaa mpaka itoe jasho, inabadilika tabia. Chembe tu ikiingia kwenye maji ya maua, maua hayo hayakimbii tena. Bila zabadi, asumini hufa kabla hujafika getini.

Kila msimu wa joto, Songkran, sikukuu ya mwaka mpya, ikikaribia, nusu ya mji wa Phetchaburi ilikuwa ikija kwake na chupa. Maji yake ya kunukia ndiyo yaliyoogesha sanamu ya Buddha hekaluni, ndiyo waliyomwagiwa wazee mikononi siku ya mwaka mpya, ndiyo wasichana waliyojipaka shingoni jua likichachamaa. Na mtu akifa, hayohayo ndiyo yaliyomwagwa kwenye kiganja chake, kila ndugu kwa zamu yake, akimwomba marehemu msamaha wa mwisho. Sasa wasichana wananunua vichupa vya manukato ya dukani vyenye picha za mawimbi. Aliyebaki kuagiza ni hekalu, na hekalu huagiza kukiwa na msiba.

"Mama, wateja wako wote ni maiti," Anuwat alimwambia kwa simu. Huyo ndiye mwanawe, wa pekee.

"Maiti hawabishani bei," akamjibu.

"Mimi sitanii, mama. Yule bwana wa vituo vya mafuta bado anakitaka kiwanja. Tuuze, uje ukae na sisi. Ghorofa ya kumi, kiyoyozi saa zote, hutasikia joto tena maishani."

"Fungo hawapandi lifti."

Alishamjibu hivyo mara nyingi, na kila akikata simu alikumbuka hati. Kiwanja kilikuwa kwa jina la Anuwat. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiandikisha hivyo mwaka aliokufa mumewe, kijana apate kukopa benki. Kwa hiyo Anuwat akiamua kuuza, atauza, na nyumba na vizimba vitaondoka pamoja na ardhi. Mwanangu hawezi, Lamjiak alijiambia, mwanangu namjua. Halafu alijikuta amesimama mbele ya vizimba, anawatazama fungo mmoja mmoja kama mtu anayeaga. Aliogopa, huo ndio ukweli, na yeye akiogopa hufanya kazi.

Tangu Machi, Anuwat aliacha habari za kuuza akaanza za macho. Macho ya mama yanahitaji daktari wa Bangkok, alisema. Songkran ikiisha tu atamchukua, wakae huko siku chache, halafu atamrudisha. Hilo Lamjiak alilikubali, na begi alishalifunga.

Lakini lile neno la mnyama halikumtoka. Mwanzoni mwa Aprili, joto limefika pale ambapo hata mbwa hawajishughulishi kubweka, alikwenda sokoni akanunua kichupa kimoja cha mawimbi, akajipulizia palepale mbele ya muuzaji. Hakuona haya kukiri kwamba yalikuwa mazuri. Yalinukia maji baridi, tikiti lililotolewa kwenye barafu, na chini kabisa miski kidogo, miski ya kiwandani isiyo na mnyama ndani yake. Akatembea na furaha yake mpaka kwa wauza samaki. Pale akanusa mkono. Hapakuwa na kitu, jua lilishakunywa yote.

"Yana haraka ya kwenda wapi?" akamuuliza muuza samaki. Muuza samaki aliendelea kupara magamba.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anasema peke yake. Wazo la maji yanayonukia maji ni zuri, nani anabisha. Ila ni maji gani hayo yanayomkimbia mtu akianza kutoka jasho? Yeye atatengeneza yake, na yake yatakaa. Yatakuwa marashi ya kuvaliwa na mtu aliye hai, katikati ya kiangazi, mwenye mambo yake ya kufanya. Maiti atafute mengine. Na wa kwanza kuyavaa atakuwa Lamjiak mwenyewe, Songkran hii hii, mbele ya Ketsarin na pua yake.

Kazi ile aliifanya jikoni mbele ya shoga yake Somphit, mjane mwenzake wa nyumba ya pili, anayeuza wali wa maji, ule wali wa kiangazi unaoliwa ukielea kwenye maji baridi yaliyofukizwa asumini. Vitoweo vya wali ule vinakula vitunguu vingi, na kumenya vitunguu peke yako ni adhabu, kwa hiyo Somphit alihamia kwa Lamjiak na ungo wake. Alimenya, akatokwa machozi, akatafuna tambuu, na akatoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

"Mtungi mpya kabisa unavunja," alisema. "Joto limekupanda kichwani."

Lamjiak aliendelea kuvunja. Alichukua vigae vya ule mtungi, ambao ulikuwa haujatiwa kitu tangu utoke tanuruni, akavilowesha kwenye maji ya mvua ya mwaka jana mpaka maji yakashika ile harufu ya udongo unaokunywa. Akayachuja, akatia majani ya mkadi na nyuzi za yungiyungi, akafunika chungu na kukifukiza. Mara ya kwanza yalitoka mazito. Mara ya pili yakanukia choo cha hospitali, na Somphit akacheka mpaka tambuu ikampalia. Mara ya tatu Lamjiak alitia zabadi ya fungo mmoja tu, jike kongwe lenye hasira ambalo halijawahi kumruhusu amkwangulie mti wake bila kumfokea. Zabadi ya jike lile ilikuwa laini kuliko za wenzake wote.

Somphit akainama juu ya chungu. Akanusa, akakunja uso, akanusa tena.

"Shoga, hii sasa ni harufu gani? Mbona naona kama nimeingiza kichwa kwenye mtungi?"

"Ndiyo hiyo."

"Na nani anataka kunukia mtungi?"

"Mwenye kiu."

Somphit alimwangalia kwa jicho la pembeni. "Maua yako wapi?"

"Yamo, nimeyaficha. Nilipozaliwa walinipaka asumini, nikifa mtanimwagia asumini. Hapa katikati niacheni ninukie ninachotaka."

"Unamtafuta nani wewe, kikongwe?"

"Nikimpata nitakuletea umkague."

"Mlete akiwa bado na meno," Somphit akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake. Lakini Lamjiak alimwona, kabla hajakaa, amechovya kidole na kukipitisha nyuma ya sikio.

Siku ya mkesha wa Songkran, mchana, marashi yalikuwa tayari kujaribiwa. Kazi ya kujaribu nayo ina utaratibu wake, na Lamjiak alifundishwa na mama yake aliyefundishwa na mama yake. Marashi ya kiangazi hayajaribiwi asubuhi kwenye kivuli. Unayapaka kwenye mkono saa jua likiwa utosini, unalala chali, mkono umeunyoosha juu ya mto mdogo usigusane na kitu, kiganja kikitazama juu. Unaacha jasho likutoke. Na kwa kuwa pua inayoshinda na harufu huchoka na kuanza kusema uongo, unaiziba kwa pamba, ipumzike, mpaka utakapoamka kuhukumu. Nzi wa Aprili hawana adabu, kwa hiyo alijifunika shuka jeupe mpaka kidevuni. Pembeni aliweka bakuli la maji matupu na kata, ya kujilowanishia kitambaa cha uso.

"Nikisinzia usiniamshe," alimwambia Somphit kwa sauti ya mtu mwenye pamba puani. "Ukimaliza vitunguu nenda zako."

"Kwa jinsi ulivyojilaza hapo, nitakuletea na watawa."

"Nenda, mwanamke."

Akasinzia. Kitanda cha mianzi kilikuwa sebuleni, mlango uko wazi, fungo wako kimya kwa joto. Somphit alimaliza vitunguu, macho mekundu, kamasi zinamtoka, mdomo umejaa tambuu, akabeba ungo wake akatoka. Getini akakutana na gari la Anuwat, ambaye hakutarajiwa mpaka jioni.

"Shangazi, kuna nini?" Anuwat akamuuliza, kwa kumwona anavyofuta machozi.

Somphit asingeweza kufungua mdomo bila kumtemea juisi nyekundu kwenye shati. Akaonyesha ndani kwa kidevu, akapita mbio kwenda kutema kwake. Ndivyo ilivyokuwa, na asije mtu kumlaumu.

Anuwat aliingia, Ketsarin nyuma yake. Walichokiona hakuna mtu wa mji ule ambaye angekisoma vingine. Walimwona mama amelala chali chini ya shuka jeupe, pamba puani, mkono wa kulia umenyooshwa juu ya mto na kiganja kiko wazi, na pembeni bakuli la maji na kata yake. Majirani wameshampanga, Anuwat akafikiri, wanamngoja yeye tu amwage wa kwanza. Akapiga magoti, akaichukua kata.

Lamjiak alizinduliwa na ubaridi wa maji mkononi. Kitu cha kwanza alichohisi ni hasira. Kazi ya nusu mwezi, mtu anakuja kuimwagia maji. Alikuwa anafungua mdomo amtukane huyo mtu, mara akaisikia sauti ya mwanawe, na sauti yenyewe imevunjika.

"Mama. Mama, nimechelewa. Nisamehe, mama."

Kata ya pili ikamwagika. Lamjiak akaelewa amefanywa nini, na almanusura acheke.

"Nisamehe kwa mambo ya nyumba," Anuwat akasema.

Kicheko kikamkauka. Lamjiak akafunga mdomo taratibu na kuamua kuendelea kufa kidogo.

"Nilishamuuzia yule bwana, mama. Nimeshapokea pesa zake. Nilimwambia umekubali. Macho yako hayana kitu, ni mimi niliyetunga. Nilitaka uwe Bangkok, waje wabomoe usione. Na hao fungo kuna mtu wa bustani ya wanyama anawachukua kesho kutwa. Nilisema ukikuta imeshakwisha utalia, halafu utazoea." Alikuwa analia kama alivyolia siku aliyovunjika mkono ana miaka saba, kwa kwikwi zilezile. "Ungezoea, mama. Nilijua hutakubali, na mimi nina madeni, na sikuthubutu kukuangalia usoni. Nisamehe. Wewe hukunikosea kitu."

Mguu ulimwasha na nzi alikuwa anatembea juu ya nyusi yake, lakini Lamjiak hakutikisika. Alitaka vitu viwili. Alimhurumia mtoto yule hata akataka kumfuta kamasi. Na alitaka kumzaba kofi la kumtoa jino. Vyote viwili angevifanya kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe ndio ule uliokuwa unachuruzika maji. Begi lake liko pale pembeni ya mlango, amelifunga mwenyewe, ameweka na zawadi ya daktari.

"Uliniambia amekubali," Ketsarin alisema nyuma, kwa sauti ndogo. "Uliniambia mama mwenyewe ndiye anataka."

Anuwat alichota kata ya tatu.

Lamjiak akatoa pamba ya tundu moja la pua. "Inatosha," akasema. "Utanipa mafua."

Kata iligonga ukuta. Ketsarin alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Anuwat alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota kwenye kabati.

"Mama," akasema. "Uko hai."

"Nilikuwa najaribu marashi."

Anuwat akaanza kucheka na kulia pamoja, akamjia, akaishika miguu yake. Alikuwa na furaha ya kweli, Lamjiak aliiona, na iliufanya moyo wake uwe mgumu zaidi badala ya kulainika. Akaivuta miguu, akakaa kitako.

"Mama, umesikia yote?"

"Masikio hukuyatungia ugonjwa."

"Basi nimekuomba msamaha, mama. Umesikia nimekuomba."

"Umemwomba maiti," Lamjiak akasema. "Maiti husamehe kila mtu, atafanya nini tena. Mimi nina la kufanya."

Na kwa kuwa mkono wake umefanya kazi hiyo miaka hamsini, ukamwinukia wenyewe puani, kabla hajafikiri. Akanusa. Akatoa pamba ya pili, akanusa tena kwa muda mrefu, mpaka Anuwat akadhani mama yake amepatwa na kitu kingine. Alikuwa amemwagiwa kata mbili nzima za maji matupu, na marashi hayakuondoka. Yalikuwa yameamka. Harufu ya udongo na yungiyungi ilikuwa inapanda kutoka kwenye ngozi iliyolowa, mbichi kuliko alipoyapaka, na chini yake zabadi imeshikilia, haina habari ya kwenda popote.

Alimnyooshea Ketsarin mkono. "Wewe mwenye pua. Njoo."

Ketsarin alikuja kwa magoti, uso umemshuka. Akanusa. Kisha akanusa mara nyingine, safari hii macho ameyafumba.

"Mnyama yuko wapi?" Lamjiak akamuuliza.

Ketsarin aliona haya mpaka masikioni. "Yumo," akasema polepole. "Ila anapendeza. Nisamehe, mama, sikujua ulinisikia. Na hili la nyumba, haki ya Mungu sikulijua."

"Nakuamini," Lamjiak alisema, kwa sababu alimwamini. "Kakoge. Usiku tunakula kwa Somphit."

Asubuhi, kabla jua halijakaa sawa, Anuwat alimfuata mama yake vizimbani. Hakulala, macho yalisema. Alimwomba mambo yaishe nyumbani. Atazungumza na yule bwana, atatafuta njia, asiaibishwe mbele ya mji. Lamjiak aliendelea kumkwangulia jike kongwe mti wake huku likimfokea.

"Kila mwaka unakuja hekaluni kunimwagia maji mikononi," akasema bila kugeuka. "Na leo utakuja."

Alivaa blauzi ya maua na kitambaa kipya cha kiunoni. Akajipaka marashi nyuma ya masikio, shingoni, kwenye viwiko na kifuani, tena kwa mkono mzito, makusudi. Akatoka kwa miguu. Barabarani ilikuwa vurugu ya Songkran. Vijana wamepanga mapipa kando ya njia, wanammwagia kila apitaye, na mwanamke wa miaka sitini na minane hakuachwa. Ndoo ya kwanza ilimpata mgongoni, ya pili kichwani. Kila alipolowa harufu ilipanda, na kila ilipopanda watu waligeuka. Msichana mmoja alishusha ndoo yake akamfuata. "Bibi, umepaka nini?" Lamjiak alimwambia aje nyumbani akiwa na chupa. Mpaka anafika hekaluni walishamuuliza watu wengi, na alikuwa anatembea kifua mbele, maji yanamchuruzika, na ana furaha kwelikweli.

Wazee walikaa kwa mstari uani, kila mmoja kwenye kiti chake, viganja vimekutanishwa mbele. Watu wakapita mmoja mmoja na mabakuli, wakimwagia, wakiomba radhi kwa makosa ya mwaka, na wazee wakiwabariki. Somphit alikuwa kiti cha pili, ananukia mtungi mpaka kwa mbali, wala hakukana.

Bwana wa vituo vya mafuta alifika mbele ya Lamjiak kabla ya Anuwat. Alikuwa mtu mnene mwenye heshima zake, mtoto wa mji uleule. Akapiga magoti, akamwagia maji taratibu.

"Mama, nakutakia maisha mema Bangkok," akasema. "Nimefurahi sana ulivyokubali. Sikutaka kununua kwa manung'uniko."

"Ubarikiwe, baba," Lamjiak akamjibu. "Usiende mbali. Simama hapo pembeni kidogo."

Anuwat akafuata. Alipiga magoti na bakuli lake. Akayasema haraka yale maneno ya kila mwaka, kama nimekukosea kwa neno, kwa tendo, kwa wazo, akainamisha bakuli. Maji yakaanguka juu ya ngumi mbili. Lamjiak alikuwa amefumba mikono.

Waliokuwa karibu wakageuka. Mzee kufumba mikono siku ya Songkran ni jambo ambalo wengi walikuwa hawajaliona. Anuwat akainua macho.

"Siyo hayo," Lamjiak akasema. "Yale ya jana. Yale uliyoniambia nikiwa maiti, niambie nikiwa hai."

"Mama, tafadhali."

"Nakusikiliza."

Anuwat aligeuka nyuma kumtafuta mkewe. Ketsarin, aliyekuwa nyuma yake na bakuli lake, alitazama chini, hakumsaidia. Kisha Anuwat akasema. Alianza kwa kunong'ona, mama yake akamwambia apandishe sauti, akapandisha. Alisema alivyouza na kudanganya kwamba mama amekubali, habari ya macho, vizimba, na kwamba alipanga wabomoe mama akiwa hayupo. Jana aliyasema akilia. Leo hakulia, na ilimgharimu zaidi, kila mtu alimwona jasho.

Bwana wa vituo vya mafuta aliweka bakuli lake chini. "Mimi sinunui nyumba yenye mama ndani," akasema. "Nina mama na mimi. Anuwat, kilicho changu tutazungumza wewe na mimi, utanirudishia kidogo kidogo." Akamwekea Lamjiak viganja pamoja kwa heshima, akaondoka.

Anuwat alibaki magotini, kichwa chini. Lamjiak alimtazama utosi, pale nywele zilipoanza kupungua, akaona uchungu, kwa sababu alikikumbuka kichwa kile kikiwa kidogo. Akafumbua mikono.

"Mwaga," akasema.

Anuwat akamwaga yaliyobaki. Maji yakapita vidoleni, harufu ikapanda kati yao wawili, na Lamjiak kwa kiganja chake kilicholowa akamfuta mwanawe uso wote, paji, mashavu, kidevu, kama alivyokuwa akimfuta zamani, bila upole mwingi. Atanukia hivyo mpaka Bangkok. Anuwat alifumba macho akangoja neno la mwisho, lile la kusamehewa, ambalo kila mzee pale uani alishalitoa.

"Hilo njoo uliombe mwakani," Lamjiak akamwambia. "Nitakuwa nyumbani."